Ndorobo, Mabega na Landrova

Katika karne ya 19, karibu kila kilo ya mzigo iliyopita kati ya Tabora na pwani ilibebwa na binadamu. Farasi hakuweza, ng'ombe hakuweza, na punda alijaribiwa mara nyingi akaishia njiani. Sababu kubwa ni ndorobo, inzi wa kijivu ambaye akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anaishi kwenye miombo, anaeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Njia kuu ya biashara ya nchi hizi ilikatiza katikati ya makazi yake. Ndiyo maana huku kwetu usafiri ulitoka begani kwa mtu ukapanda reli, kisha ukaingia kwenye injini, bila gari la kukokotwa kuchukua nafasi yake katikati. Mimi niliikuta hatua hiyo ya mwisho nikiwa msichana niliyeanza kazi, ndani ya pikapu ya Landrova. Waliotufundisha kuziendesha wanakwisha, na sijaona kitabu kilichowaandika.

Wageni walijaribu kuukwepa ukweli huo wa ndorobo. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alipanda na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi na habari kwamba njia inapitika. Mwaka uliofuata msafara mkubwa wa shirika hilo ukaondoka na magari ya kukokotwa. Ng'ombe wakafa, magari yakaachwa, mizigo ikarudi kwa wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akagharimia jaribio jingine: tembo wanne kutoka India, pamoja na walezi wao, walishushwa karibu na Dar es Salaam wakapandishwa bara. Watatu walikufa njiani. Mmoja, jina lake Pulmalla, ndiye aliyefika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na kiongozi wa jaribio hilo, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hajafika Ugogo. Yeye alifika Tabora kwa sababu kulikuwa na watu wa kubeba.

Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16, na mtu mmoja alibeba takriban frasila mbili: merikani, shanga na waya kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, ndiyo Tabora yetu, wakaingia tarehe 7 Novemba 1857. Stanley alitumia siku 84. Kutoka Bagamoyo unapita Mpwapwa, unaingia Ugogo ambako hongo ililipwa ili msafara upite na unywe maji, unavuka Mgunda Mkali, lile pori la kiu, unatokea Tura, na hapo umeshakanyaga Unyamwezi. Kutoka Tabora njia iliendelea magharibi hadi kwenye chumvi ya Uvinza, ikavuka Malagarasi, ikafika Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wakiifanya safari hii kwa misafara yao wenyewe kabla Mwarabu hajajenga tembe Kazeh. Na kwenye njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliotekwa, wamefungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa kuuzwa. Siwezi kuisifu njia ile nikawaruka hao.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Upagazi wa masafa marefu ukaporomoka, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaurudisha kwa nguvu: Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wote walikokota maelfu ya watu kubeba risasi na chakula, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Lakini reli ni mstari mmoja. Kutoka stesheni mpaka Ipole, mpaka Ugalla, mpaka kwenye kambi ya warina asali iliyo porini ndani, mzigo uliendelea kupanda kichwani na begani. Injini ilikuwa imekwisha kuonekana: mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa juu sana kutoka ardhini, akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, mwaka 1909. Safari ya karibu miaka miwili, na mara nyingi gari likisukumwa na kuvutwa na watu, haikumpa mfanyabiashara wa Tabora sababu ya kuachana na wapagazi. Malori ya kipindi cha kati ya vita kuu mbili yalifanya kazi kubwa wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, yaliegeshwa.

Kilichobadilisha mambo ni gari dogo linalovuta mbele na nyuma. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover iliivika bodi ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo, na uamuzi huo wa shida ukatufaa sana sisi wa huku: bodi haikuoza kwa mvua, na ikibonyea unaigonga kwa nyundo ya mbao inakaa sawa. Karibu na wakati huo mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeingia Urambo. Mpango ulifutwa mwaka 1951 na mashamba yakageuzwa ya tumbaku, lakini vijana wa Kinyamwezi walikuwa wameshaketi kwenye matrekta, wamejua klachi na gia, wamejua harufu ya injini inayoungua. Madereva wengi wa kizazi kilichofuata walitoka pale. Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao.

Nilimkuta katikati ya miaka ya 1980, nilipotoka Chuo cha Nyuki Tabora na kupangiwa kazi upande wa Sikonge. Alikuwa mzee wa Unyanyembe, mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya jeki na minyororo, na babu yake mzaa baba alikuwa amebeba pembe mpaka Bagamoyo. Pikapu yetu ilikuwa Landrova 109 ya kijani kilichopauka, viti vya mbele vimeshonwa upya kwa turubai. Kwenye kabini ya dereva kulikuwa na panga, chepe, kipande cha ubao mnene wa mninga, kamba na dumu la maji. Kila asubuhi alinisalimu "Mwangaluka, mayo", akalizunguka gari zima akiyagusa matairi kwa kiganja, na ndipo akaniruhusu nifungue mlango. Wanawake wenye kuendesha pikapu za porini hawakuwa wengi. Hakulizungumzia jambo hilo hata mara moja. Alinifundisha kama alivyowafundisha wanaume, kwa ukali ule ule.

Alianzia na fimbo, injini ikiwa imezimwa. Mbali na gia ya kawaida kulikuwa na fimbo fupi yenye kirungu chekundu na nyingine nyembamba yenye kirungu cha njano. Barabara ikiwa nzuri, gari husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukibonyeza cha njano, ya mbele nayo yanashika, na hilo unaweza kulifanya gari likitembea. Cha chekundu ni jambo zito zaidi: unasimama kabisa, unakivuta nyuma, na gari linaingia gia nzito, injini inazunguka kwa nguvu huku magurudumu yote manne yakienda mwendo wa mtu anayetembea. Ukishavuka unasimama tena, unakisukuma mbele, na cha njano kinaruka juu chenyewe. Mzee alitaka nizitafute fimbo hizo kwa mkono, macho yakiwa mbele, kwa sababu penye kuhitajika hutapata nafasi ya kuangalia sakafuni. Kidole gumba alikikataza kabisa kuingia ndani ya usukani. Kililazwa juu ya duara pamoja na vidole vingine, maana gurudumu la mbele likigonga kisiki kilichofichwa na majani, usukani wa Landrova ya zamani unarudi kwa kishindo na unaweza kuvunja mfupa.

Kisha akanieleza jambo ambalo hata leo nawasikia watu wakilikosea. Wanadhani gari la magurudumu manne halikwami. Linakwama vizuri sana. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye urahisi wa kuzunguka, kwa hiyo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiwa kwenye utelezi, hayo mawili yanazunguka bure na yale mawili yaliyo pakavu yanasimama tu. Kukanyaga mafuta hapo ni kuchimba. "Ondoa mguu, mwanangu," alisema. "Shuka uangalie." Kushuka na kuangalia kulikuwa nusu ya somo lake lote.

Alichotaka nikiangalie ni udongo. Nchi ya Unyamwezi ukiiona dirishani kwa treni unadhani ni tambarare, lakini ni miinuko mirefu ya taratibu, na kila mwinuko umepangwa udongo wake kutoka juu hadi chini. Juu kuna wekundu na kichanga, miombo imesimama, mininga na mitundu, na hapo gari hupita hata mvua ikinyesha. Ukiteremka unakuta luseni, kichanga cheupe. Chini yake inakuja ibambasi, udongo uliojifunga juu ukawa mgumu hata maji hayapenyi, hivyo yanasambaa juu yake kama hayana kina huku pembeni yakilegeza ukingo wote. Mwisho, bondeni, ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi na kuvimba masika, ukijazana kwenye matairi mpaka gari linakuwa limevaa magurudumu laini mara mbili ya unene wake. Mbuga ina mimea yake pia, nyasi ndefu na vijiti vifupi vya miiba vyenye vinundu wanavyoishi sisimizi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mpangilio huu ulimpa umaarufu mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Usambara. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza udongo, katikati ya mvua, na wazo lake kwamba udongo wa mteremko mmoja umeunganishwa kama mnyororo sasa linafundishwa duniani kote. Nilifurahi kuliona jina la nchi yetu katika elimu ya dunia. Lakini Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na majina ya kila ngazi ya mteremko huo, na wakulima walijua mtama unakaa wapi na mpunga wapi. Madereva walipokuja waliikuta elimu hiyo imekamilika, wakaongeza kitu kimoja tu: ni ngazi gani ya mteremko inabeba tani mbili za chuma, na mwezi gani.

Sheria ya mzee ilikuwa kwamba mti wa mwisho ndio mahali pa kusimama. Miombo ikikatika na nyasi zikianza, gari lisimame hapo hapo juu ya kichanga. Hapo unavuta kirungu chekundu, hapo unapunguza upepo wa matairi ili yalale na kutanua unyayo wake, hapo unakaza kamba za mzigo. Ukisubiri mpaka gari lianze kuserereka, umeshachelewa. Utingo alitangulia kwa miguu na fimbo, suruali imekunjwa, akichoma ardhi kila hatua chache. Maji yakimfika magotini na chini pagumu, tunapita. Maji ya kifundo tu lakini fimbo inazama, tunatafuta pengine. Mifereji iliyoachwa na malori tuliiepuka, kwa kuwa lori lina tumbo la juu kuliko pikapu: ukiingiza magurudumu kwenye nyayo zake, difu yako inakaa juu ya tuta la katikati na gari linaning'inia, magurudumu yote manne yakikosa kazi.

Siku aliyoamua kunifunza kukwamuka ilikuwa Desemba, msimu wa mavuno madogo ya asali, na nyuma tulikuwa na madebe yaliyojaa. Tuliingia mbuga moja ng'ambo ya Ipole. Tulipofika katikati akaniambia nisimame. Nilimwangalia nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Nikasimama, na nikalisikia gari likikaa chini taratibu kwa uzito wake. Akazima injini yeye mwenyewe, akashuka, akavua viatu.

Hatukugusa gari kwanza. Tulishusha madebe. Debe la asali ya lita 20 lina kilo kama 28, karibu sawa na mzigo wa mpagazi wa zamani, na ilibidi livushwe mpaka kwenye kichanga cha upande wa pili. Mzee alikata nyasi ndefu, akazisokota haraka akapata ngata, akaiweka begani, si kichwani, akainamisha goti moja, na utingo akamtwika. Alikwenda kwa hatua fupi, mguu mzima ukitua bapa kwa mara moja, kisigino hakitangulii. Kwenye mfinyanzi, kisigino kikitangulia kinateleza. Alitufundisha mwendo huo mimi na utingo palepale, akisema ndivyo babu yake alivyomfundisha baba yake. Baada ya mzigo kuisha, tulichimba mbele ya kila gurudumu, tukatandika maganda na matawi, tukaweka ubao wa mninga chini ya jeki ili isizame, tukainua nyuma, tukajaza matawi tena. Ndorobo walitushambulia wakati wote huo. Wadudu hawa huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea na hulifuata gari wakilidhania mnyama, na enzi za Mwingereza palikuwa na vizuizi barabarani ambako magari yalisimamishwa ili ndorobo waliojificha waondolewe. Nilikuwa nimevaa nguo ya bluu iliyokoza, rangi wanayoipenda kuliko zote.

Gari lilitoka kwa gia ya pili ya upande mzito. Ya kwanza ina nguvu mno na inayapasua matandiko. Lilitoka bila kelele, jepesi, na mzee akapanda upande wa abiria miguu ikiwa na tope hadi magotini.

Jioni hiyo, tukiwa tumeegesha Sikonge, alinipigia hesabu ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia historia hii. Pikapu yetu ilibeba tani moja. Tani moja ni mizigo ya wapagazi kama 30. Watu 30 walikula kila mmoja kibaba cha nafaka kwa siku, jumla kama kilo 20 kila kukicha, na kwa kuwa chakula hicho hakikuweza kubebwa pamoja na bidhaa, kilinunuliwa njiani, na ndiyo sababu mashamba ya nafaka yalishamiri kandokando ya njia, na vita ikifunga njia njaa ilianzia kwa wasafiri. Msafara ulikuwa na kirangozi wa kutangulia. Ulikuwa na kanuni ya uzito ambayo mpagazi aliitetea kwa ukali: mzigo ukizidi alikataa kuuinua mpaka upunguzwe. Na ulikuwa na majira. Wanyamwezi waliondoka kiangazi na kurudi kulima kabla mvua hazijakaza. Mzee alisema kazi yake ni ile ile ya babu yake, ila yeye amepewa mabega ya chuma. Uzito, majira, na mtu wa kutangulia kwa miguu. Dereva aliyevipuuza hivyo vitatu alivunja shafti ya nyuma, jambo la kawaida sana kwa 109 iliyojazwa kupita kiasi, na hapo alibahatika tu kwamba Landrova inaweza kurudi nyumbani ikivutwa na magurudumu ya mbele.

Naamini alikuwa sahihi, na ninaamini hivyo zaidi kila ninapowasoma wasafiri wa kale. Nenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ukaione tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Wageni hupelekwa pale kumwona Livingstone. Kilichomweka pale kuanzia Februari hadi Agosti, mtu mgonjwa mwenye haraka ya kuondoka, kilikuwa kukosa wapagazi: ilimbidi awasubiri watu aliotumiwa na Stanley kutoka pwani, na walipofika ndipo akaondoka, tarehe 25 Agosti. Alipokufa Mei mwaka uliofuata, waliomrudisha ni wabebaji. Watumishi wake wa siku nyingi, Chuma na Susi, na wenzao waliupitisha mwili wake Unyanyembe wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Njia yetu imeandikwa kwa majina ya waliobebewa. Madereva wa Landrova wameangukia fungu lile lile. Ripoti za miradi ya afya, ya nyuki, ya tumbaku na ya wakimbizi wa Ulyankulu zimejaa majina ya waliokaa kiti cha abiria.

Miaka niliyojifunza ilikuwa migumu kwa gari lolote. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimechukua malori na kuyachosha, petroli ilikuwa ya mgawo, na tairi jipya lilisubiriwa kwa miezi. Mambo yalianza kulegea baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana hata kwenye masoko ya tumbaku. Baadaye Toyota Land Cruiser ikashika nchi, hasa ile yenye injini ya dizeli ya silinda sita ya lita 4.2, ambayo watu huiita mkonga. Ni gari bora kuliko Landrova yetu karibu kwa kila kitu. Lina nguvu, halivuji mafuta, na fundi wa Tabora analijua kwa macho yamefumbwa. Somo la mti wa mwisho lilibaki pale pale, pengine likazidi kuwa kali, kwa kuwa mkonga wa zamani unakutaka ushuke ufunge habu za magurudumu ya mbele kwa mkono kabla ya kuingiza foo, yaani magurudumu yote manne, na habu iliyozama ndani ya tope haifikiki.

Sasa lami imefika Sikonge, imepita Ipole na Koga mpaka Mpanda. Upande wa mashariki lami ya Nyahua na Chaya imelikata pori la Mgunda Mkali, na basi linapita kwa saa chache mahali ambapo misafara ilihesabu waliokufa kwa kiu. Nimeifurahia barabara hiyo kwa moyo wote. Nimeona mama mjamzito akifikishwa hospitali kwa nusu saa kutoka kijiji ambako zamani tungembeba kwa machela. Vijana wanaoendesha leo wanaanzia kwenye lami, na wengi hawajawahi kugusa gia nzito. Lakini asali haiko kando ya lami. Iko ndani, kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa mbali na watu, na ukikata kushoto baada ya Ipole mwezi Januari unakutana na mbuga zile zile. Pikipiki huvuka baadhi. Nyingine hazivukwi na chombo chochote, na pale madebe hushushwa na kubebwa begani, kwa bei inayopatanwa ukingoni, kila debe na malipo yake.

Nimeanza kuziandika mbuga hizo. Ninakaa na matingo wa zamani, ambao wengi wao ni babu sasa, tunataja jina la kila kivuko, upande wa kupitia, mwezi wa kukiacha, na aliyekuwa dereva. Wanakumbuka mambo ambayo ramani haina: mahali pa kichanga kilichofichwa na nyasi, jiwe lililo chini ya maji, mwembe wa misafara unaotumika kama alama ya kukunja. Upande wa Koga tumekwenda vizuri. Ugalla bado. Wanaoifahamu wako Sikonge na Kitunda, na nimewaomba tukutane mwezi wa Septemba, barabara zikiwa kavu, ili tukazitazame mbuga zenyewe na kila mmoja aonyeshe alipopita.